Mwalimu wa Bendi Aliyeacha Kiti cha Horace Silver

Mvua ilitukuta Mwenge, ndani ya gari la rafiki yangu, foleni imeganda na vioo vimejaa mvuke. Yeye ni mtu wa bendi ya Sikinde damu damu. Jazi ya Wamarekani huwa anaiita muziki wa hotelini. Siku hiyo alikuwa amechoka kubishana na watangazaji wa redio, akaniruhusu nichomeke flashi yangu. Ikaanza "Stardust". Tarumbeta moja, piano nyuma yake, besi na dramu zikitembea kwa hadhari.

Akapunguza feni.

"Huyu nani?"

Nikamwambia Louis Smith. Akauliza kama ndiye yule Armstrong. Nikasema hapana, huyu mwingine kabisa, alikuwa mwalimu wa shule. Akatoa simu, akasoma kidogo, akatikisa kichwa.

"Yaani mtu anapuliza hivi, anarekodi albamu mbili, halafu anakwenda kufundisha watoto? Kaka, hicho kipaji kimekwenda na maji."

Foleni ikasogea, tukahamia mambo mengine. Lakini kauli ile haikuniachia. Nimelelewa na mwalimu, na ile sauti ya kusikitika naijua vizuri. Ndiyo waliyokuwa wakiitumia wageni wakisimuliwa jinsi mama alivyowapita kaka zake wote darasani, kisha akaishia ubaoni.

Kilichonikera zaidi ni kwamba nusu yangu ilikubaliana na rafiki yangu.

## Kijana wa Memphis

Smith alizaliwa Memphis, Tennessee, Mei 1931. Alisoma Tennessee State, chuo cha watu Weusi kilichopo Nashville, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Michigan kuendelea na masomo ya juu. Huko, wanamuziki wakubwa walipopita mjini, alipanda jukwaani kupiga nao. Dizzy Gillespie na Miles Davis ni miongoni mwao. Katikati ya miaka ya 1950 akachukuliwa jeshini. Alipotoka hakukimbilia New York. Alikwenda Atlanta kufundisha muziki katika Booker T. Washington High School.

Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1924, na ndiyo iliyokuwa sekondari ya kwanza ya umma kwa watoto Weusi mjini Atlanta. Martin Luther King Jr. alisoma pale. Kwa hiyo tusimfikirie Smith kama mtu aliyekosa pa kwenda akajibanza darasani. Katika Atlanta ya ubaguzi wa rangi, ambako mtoto Mweusi alikuwa na milango michache sana ya kupitia, kupewa bendi ya shule kama ile ulikuwa ni kukabidhiwa kitu.

Na hapohapo Atlanta alikuwepo mpiga piano aitwaye Duke Pearson, mzaliwa wa mji huo. Pearson naye alianza na tarumbeta, meno yakamkatalia, akahamia kwenye piano. Alikuwa ameandika wimbo wa kumkumbuka Clifford Brown, mpiga tarumbeta aliyekufa kwa ajali ya gari Juni 1956 akiwa na miaka 25. Wimbo unaitwa "Tribute to Brownie", na aliyepata kuupuliza kwenye santuri ni mwalimu wetu.

## Miezi sita

Februari 1958 Smith aliingia studio New York. Aliyekuwa nyuma ya mpango ule ni Tom Wilson, kijana Mweusi aliyesoma Harvard na kuanzisha lebo ndogo iitwayo Transition. (Ndiye huyohuyo ambaye miaka michache baadaye angesimamia rekodi ya "Like a Rolling Stone" ya Bob Dylan. Watu wengine maisha yao yana vyumba vingi.) Transition ilifilisika kabla santuri haijatoka. Kanda zikanunuliwa na Alfred Lion wa lebo ya Blue Note, na albamu ikatoka kwa jina *Here Comes Louis Smith*, namba 1584.

Ukigeuza jalada, mpiga saksafoni anatajwa kuwa ni Buckshot La Funke. Hakuna mtu wa jina hilo. Ni Cannonball Adderley, ambaye mkataba wake na kampuni nyingine haukumruhusu kupiga kwa jina lake. Jina hilo la utani lilipendwa kiasi kwamba miaka ya 1990 mpiga saksafoni Branford Marsalis alilichukua, akaligeuza kidogo na kuipa bendi yake. Kwa hiyo jina la uongo kwenye santuri ya Smith limesafiri mbali kuliko jina la mwenye santuri.

Hilo nalo linauma kidogo.

Machi mwaka huohuo akarekodi albamu ya pili, *Smithville*, safari hii na Charlie Rouse kwenye saksafoni, Sonny Clark kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi na Art Taylor kwenye dramu. Mei yumo kwenye vikao vya mpiga gitaa Kenny Burrell vilivyozaa *Blue Lights*. Julai yuko Newport, kwenye tamasha la jazi, amesimama katika kundi la mpiga piano Horace Silver.

Februari hadi Julai. Wapo wapiga tarumbeta waliohangaika miaka kumi New York bila kupata hata robo ya hayo.

## Walimu wawili, njia mbili

Kuna jambo kwenye albamu ile ya kwanza ambalo sikuliona hadi ile kauli ya garini iliponilazimisha kuangalia upya. Yule Buckshot wa bandia naye alikuwa mwalimu wa bendi.

Adderley alifundisha Dillard High School, Fort Lauderdale, Florida. Kiangazi cha 1955 alikwenda New York, akaingia klabu ya Cafe Bohemia na saksafoni yake usiku ambao mpiga besi Oscar Pettiford alikuwa akipiga, akapewa nafasi apande, na mji mzima ukaamka unamzungumzia. Haukupita muda mrefu akauacha ualimu. Mwezi uleule wa Februari 1958 alipokuwa akimsindikiza Smith kwa jina la kuazima, alikuwa pia studio na Miles Davis, wakianza kurekodi *Milestones*.

Hebu wafikirie pamoja chumbani, tarumbeta na saksafoni mbele ya maikrofoni. Wote wamewahi kusimama mbele ya watoto arobaini wasiojua kushika ala. Wote wanajua harufu ya chumba cha bendi baada ya mvua, na mzazi anayekuja kulalamika. Mmoja ameshatoka na hatazami nyuma. Mwingine bado yumo.

Historia ya jazi imeandikwa kwa kumfuata aliyetoka. Si ajabu, maana ndiye aliyeacha rekodi nyingi. Mwandishi wa muziki anafuata santuri kama mwindaji afuatavyo nyayo. Nyayo zikikatika, anasema mnyama amekufa.

## Kiti

Sasa tufike Newport, maana hapo ndipo nusu yangu inayokubaliana na rafiki yangu ilipojichimbia.

Mwaka 1958 kiti cha tarumbeta kwa Horace Silver kilikuwa kati ya viti bora kabisa duniani katika muziki ule. Kabla ya Smith alikikalia Donald Byrd, kisha Art Farmer. Nyimbo za Silver hazimwachii mtu nafasi ya kujificha: tarumbeta na saksafoni zinatoka pamoja kama pumzi moja, mkato hapa, mkato pale, halafu ghafla uko peke yako na Silver anakuchokoza kwenye piano kila unapovuta pumzi.

Tarehe 6 Julai walipanda watano: Silver, Smith, Junior Cook kwenye saksafoni, Gene Taylor kwenye besi, Louis Hayes kwenye dramu. Walipiga nyimbo nne. Isikilizeni "Señor Blues". Ina ule mdundo wa mapigo sita ambao mtu aliyekulia kwenye ngoma za pwani hahitaji kufafanuliwa, bega linaujua lenyewe. Smith anaingia bila papara. Kisha anaanza kupanda, na unasikia jinsi Hayes anavyomsikia, fimbo zinaanza kumjibu.

Rekodi hiyo ilikaa kabatini nusu karne. Blue Note waliitoa mwaka 2008, Smith akiwa ameshapita miaka 75.

Baada ya Newport hakudumu na Silver. Alirudi kwenye ualimu. Kiti kikapewa Blue Mitchell, ambaye alikikalia hadi 1964, na mapema 1959 tu wakarekodi *Finger Poppin'*, mwaka huohuo tena *Blowin' the Blues Away*. Mpenzi yeyote wa jazi anazijua hizo. Nampenda sana Blue Mitchell, ila kuna usiku nasikiliza "Sister Sadie" na akili inaanza kuweka tarumbeta nyingine pale, na inatosha kabisa.

Hapo ndipo pagumu. Mimi msikilizaji nimekoseshwa kitu, na hakuna hotuba ya kuwasifu walimu itakayonirudishia. Nilizitaka zile albamu sita au saba ambazo zingefuata. Bado nazitaka.

## Hoja rahisi niliyoikataa

Kwa wiki kadhaa nilikuwa na jibu tayari. Nilitaka kumwambia rafiki yangu: angalia waliobaki barabarani walivyoishia. Clifford Brown, barabara kuu ya Pennsylvania, usiku, mvua, miaka 25. Mpiga tarumbeta Lee Morgan, risasi ndani ya klabu ya Slugs', New York, Februari 1972, miaka 33. Halafu karibu zaidi na nyumbani kwa Smith, Booker Little.

Little alikuwa binamu yake, mtoto wa Memphis pia, mdogo wake kwa miaka saba. Alimfuata mpiga dramu Max Roach, akarekodi na mpiga saksafoni Eric Dolphy pale klabu ya Five Spot Julai 1961 muziki ambao hadi leo wapiga tarumbeta wanausoma kama somo. Oktoba mwaka uleule akafariki. Alikuwa na miaka 23. Smith aliishi hadi 85.

Mnaona jinsi hoja inavyojipanga yenyewe? Mwalimu alichagua uzima, wenzake jukwaa likawameza.

Ni hoja ya uongo. Booker Little alikufa kwa ugonjwa wa figo, na figo haziulizi kama unapiga klabu au unasahihisha madaftari. Clifford Brown anajulikana kwa kutokunywa na kutogusa dawa za kulevya. Angeweza kupata ajali ileile akitoka kufundisha. Kuwatumia waliokufa vijana kumtetea aliyezeeka ni kuwakosea wote. Na zaidi, hoja hiyo inakubali kimyakimya kwamba ualimu ni mahali pa kujificha na mvua, jambo ambalo ndilo nililokuwa nalipinga.

Nikaiacha.

## Nani alimfundisha nani

Nilipoanza upya nilijiuliza swali la kijinga tu: hawa watu walijifunzia wapi?

Memphis kuna shule inaitwa Manassas. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa na mwalimu kijana, Jimmie Lunceford, aliyewakusanya wanafunzi wake wakawa bendi, na bendi hiyo baadaye ikawa mojawapo ya bendi kubwa zilizosumbua ukumbi wa dansi Marekani nzima. Lunceford akaondoka, lakini muziki ulibaki shuleni. Booker Little alipita Manassas. George Coleman, ambaye Miles Davis alimchukua mwaka 1963, alipita Manassas. Harold Mabern, mpiga piano, vilevile. Shule moja, mtaa mmoja.

Nenda Chicago, DuSable High School, umkute Kapteni Walter Dyett, mkali kama moto, aliyewanoa Gene Ammons, Johnny Griffin na Dinah Washington. Nenda Birmingham, Alabama, umkute John Whatley, waliyemwita "Fess", ambaye wanafunzi wake walitapakaa kwenye bendi za mji baada ya mji. Hakuna hata mmoja kati ya walimu hawa ambaye jina lake linauza tiketi leo.

Huwa tunasimulia jazi kana kwamba iliruka yenyewe kutoka klabu hadi klabu, kijana anasikia santuri, anajifungia chumbani, anatoka akiwa fundi. Na wapo waliofanya hivyo. Lakini kwa watoto Weusi wa miji ya Kusini, tarumbeta yenyewe mara nyingi ilikuwa mali ya shule. Ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa kwa mwalimu. Aliyeamua kubaki na ufunguo huo alikuwa ndani ya muziki kama yeyote aliyekuwa Newport.

Kutoka Atlanta Smith alirudi Michigan, safari hii kama mwalimu: Chuo Kikuu cha Michigan na shule za umma za Ann Arbor. Mji huo uko karibu na Detroit, ambako jazi haikuwahi kuwa ngeni. Sihitaji kuonyeshwa mwanafunzi mashuhuri ili nikubali kwamba miaka ile ilikuwa na maana. Bendi ya shule ikipiga vizuri Ijumaa jioni, watoto thelathini wameshajua kitu ambacho asubuhi hawakukijua. Wengi wao watakuja kuwa wauguzi na mafundi magari. Sawa tu.

Hapa ninajishuku, kwa sababu ni rahisi sana mtoto wa mwalimu kusema hivi. Mama mwenyewe asingesema. Angesema kazi ilikuwa ngumu, mshahara mdogo, na kuna asubuhi alitamani asiamke.

## Midomo

Tarumbeta ina vali tatu tu. Ukizibonya kwa namna zote, moja, mbili, zote, hakuna, unapata michanganyiko saba inayotumika. Noti zote zilizobaki zinatoka kwenye midomo na pumzi. Ndiyo maana mpiga tarumbeta haogopi vidole kuzeeka kama anavyoogopa midomo kulegea. Ule msuli unaouzunguka mdomo ukiuacha siku chache, unakuambia. Ukiuacha miezi, wasikilizaji wanakuambia.

Kwa hiyo mtu "aliyepotea" mwaka 1959 hawezi kurudi baada ya karibu miaka ishirini na kupiga, kama kweli alikuwa amepotea. Mwili haukubali. Mwalimu wa bendi, kwa upande mwingine, anapuliza kila siku: noti ndefu na wanaoanza, skeli na wa kati, kuonyesha kifungu hiki mara ya kumi kwa mtoto aliyekuwa akichungulia dirishani.

Mwaka 1978 Smith aliingia studio tena kwa jina lake. Lebo ilikuwa SteepleChase ya Copenhagen, na albamu ikaitwa *Just Friends*. Kwa masikio yangu sauti ni ileile ya "Stardust", imenona kidogo katikati, na haina haraka ya kufika juu. Mwaka uliofuata akarekodi nyingine. Kisha kuanzia miaka ya 1990 Wadenmark wakawa hawamwachi: *Ballads for Lulu*, *Strike Up the Band*, *Silvering* na nyingine kadhaa, hadi miaka ya 2000. Alipata kiharusi mwaka 2006, hakupiga tena, akafariki Agosti 2016.

Fanyeni hesabu. Albamu mbili ni za ujana wake tu. Sehemu kubwa ya santuri zenye jina la Louis Smith alizirekodi akiwa anakaribia miaka 60 au ameshaipita, umri ambao wengi wa wale waliosemekana kufanikiwa walikuwa wameshazikwa au wamenyamaza. Cannonball alifariki 1975, miaka 46. Blue Mitchell 1979, miaka 49. Nasema hivyo bila kushangilia. Nataka tu ile orodha isomwe yote kabla ya mtu kutikisa kichwa.

Tatizo ni kwamba zile mbili za 1958 zina nembo ya Blue Note, hivyo zinachapwa tena na tena, na kila jalada jipya linarudia hadithi ya kijana aliyeng'ara na kutoweka. Za Denmark lazima uzitafute.

Ukizitafuta, anza na hiyo *Just Friends*, lakini kwanza pata ile ya 1959 iitwayo *Down Home Reunion*, vijana wa Memphis waliokusanywa New York. Matarumbeta ni mawili: Louis Smith na binamu yake Booker Little. Saksafoni ya tena ni George Coleman. Mpiga besi ameandikwa George Joyner. Isikilize yote, kisha weka ya 1978. Coleman yupo. Harold Mabern wa Manassas yupo kwenye piano. Kwenye besi yupo Jamil Nasser, ambaye ni Joyner yuleyule baada ya kubadili jina. Booker ameshafariki zaidi ya miaka 16 iliyopita, na sasa tarumbeta ni moja.